Nzige mpweke na nzige wa kundi: uchambuzi wa mabadiliko yaliyoanzia Rub' al Khali mwaka 2018

Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga pwani ya kusini ya Rasi ya Uarabuni na kumwaga mvua hadi ndani ya Rub' al Khali, jangwa la mchanga linalopakana na kuingiliana na nchi nne: Saudi Arabia, Oman, Yemen na Umoja wa Falme za Kiarabu. Katikati ya matuta ya mchanga yakatokea maziwa, na mimea ikaota mahali ambapo miaka hupita bila jani. Oktoba ya mwaka huohuo kikaja kimbunga cha pili, Luban, kikaongeza maji kabla ya yale ya kwanza kwisha kazi. Humo ndani walikuwamo nzige wa jangwani, Schistocerca gregaria, wachache na wametawanyika, kila mmoja na kichaka chake. Desemba 2019 wazao wao walivuka mpaka na kuingia Kenya kwa makundi, na Januari 2020 kundi moja kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo lilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 2,400.

Wakati ule kisa hiki kilielezwa zaidi kama hesabu ya wingi. Mvua ilinyesha, chakula kikapatikana, wakazaana. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba vizazi vitatu vilipita jangwani bila kuonekana, idadi ikapanda mara 8,000. Hesabu hiyo siipingi, ila haielezi jambo lenyewe. Panzi wa aina nyingi huongezeka wakipata mvua, wakala, wakafa palepale walipozaliwa. Waliotoka Rub' al Khali walikuwa na rangi nyingine, uwiano mwingine wa viungo, ubongo mkubwa zaidi, chakula kingine na ratiba nyingine ya siku. Spishi ileile, jeni zilezile, mwili mwingine. Nami nashikilia kwamba ufunguo wa kisa kizima uko katika mpangilio wa mabadiliko hayo: tabia hutangulia, umbo hufuata nyuma kwa siku, kwa wiki, na kwa sehemu nyingine kwa vizazi. Anayengoja kuona umbo jipya ndipo aamini kuna hatari, amekwisha kuchelewa.

Miili miwili

Tunutu wa nzige mpweke, yaani mtoto asiye na mbawa bado, mara nyingi ni wa kijani, rangi ya mmea anaokaa. Akikomaa huwa wa rangi ya mchanga, kijivu na kahawia iliyofifia. Hutembea taratibu, tumbo karibu na ardhi. Akiruka safari ndefu huruka usiku. Mwenzake akimkaribia yeye husogea pembeni, isipokuwa wakati wa kujamiiana. Kwa ufupi, maisha yake yote ni ya kujificha.

Tunutu wa kundi ana rangi ya njano iliyopigwa madoa meusi, rangi inayoonekana kutoka mbali. Hatembei peke yake. Huandamana mchana pamoja na maelfu ya wenzake, wote wakielekea upande mmoja. Akipata mbawa huwa wa rangi ya waridi, na akishapevuka tayari kuzaa hugeuka njano. Hapa palitokea mkanganyiko mwaka 2020, kwa sababu walioona makundi ya waridi na baadaye ya njano walidhani ni nzige wa aina mbili. Waridi na njano ni umri tu ndani ya mwili uleule wa kundi. Tofauti kubwa ni ile ya mpweke na wa kundi.

Tofauti hiyo haiko kwenye rangi peke yake. Watafiti hupima urefu wa paja la mguu wa nyuma na kuugawa kwa upana wa kichwa. Kwa mpweke, paja ni refu na kichwa ni chembamba. Kwa wa kundi, paja ni fupi zaidi na kichwa kipana. Mbawa nazo, zikilinganishwa na paja, ni ndefu zaidi kwa wa kundi. Nzige wa kundi hujivua gamba mara tano kabla ya kukomaa, ilhali mpweke mara nyingi huongeza la sita. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walipima ubongo wa wote wawili na kukuta ule wa kundi ni mkubwa kwa takriban asilimia 30, ingawa mwili wake kwa jumla ni mdogo kidogo. Sehemu zilizoongezeka zaidi kwa uwiano ni zile zinazounganisha taarifa kutoka milango mbalimbali ya fahamu. Sehemu zinazopokea picha kutoka machoni, kwa uwiano, ni kubwa kwa mpweke, ambaye usalama wake unategemea kumwona adui mapema.

Umbali kati ya miili hii miwili ni mkubwa kiasi kwamba wataalamu wenyewe walidanganyika. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kwa nzige wa aina nyingine, Locusta migratoria, umbo la kundi na umbo la upweke yalikuwa na majina mawili ya kisayansi, kana kwamba ni spishi mbili. Boris Uvarov, Mrusi aliyewahi kupambana na nzige kusini mwa Urusi kabla ya kuhamia London, ndiye aliyetangaza mwaka 1921 kwamba Locusta migratoria na Locusta danica ni mnyama mmoja katika awamu mbili. Hoja yake ilijibu swali lililosumbua watu tangu kale: nzige wa kundi huenda wapi miaka ambayo hawaonekani? Jibu ni kwamba hawaendi popote. Wapo, katika mwili usiotambulika kuwa wao.

Mguso

Sasa turudi jangwani, mwishoni mwa 2018. Nzige mpweke hukwepa wenzake. Kitu gani kinamfanya aache kuwakwepa?

Kitu hicho ni mimea, na namna inavyokauka. Mvua kubwa hutandaza kijani eneo pana, na nzige wakiongezeka bado kila mmoja ana nafasi yake. Maji yakiisha, kijani hakikauki kwa usawa. Hubaki mabaka: kichaka hapa, bonde lenye unyevu pale, na katikati mchanga mtupu. Nzige hawana hiari, lazima wafuate chakula. Wasiotaka kuonana wanajikuta kwenye tawi moja, wanapita juu ya migongo ya wenzao, wanapigana miguu. Majaribio ya maabara na ya uwandani yameonyesha kwamba idadi ileile ya nzige, kwenye chakula kilichotawanyika sawasawa, hubaki wapweke, lakini chakula kikiwekwa mahali pamoja hugeuka kuwa wa kundi. Ndiyo maana nimesema hesabu ya wingi haitoshi. Nzige wachache waliobanwa kwenye kichaka kimoja ni hatari kuliko wengi waliotandazwa kwenye bonde la kijani.

Mguso wenyewe umechunguzwa kwa undani unaostahili heshima. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Stephen Simpson, wakati huo akiwa Oxford, kiliwagusa nzige wapweke sehemu mbalimbali za mwili kwa brashi ndogo. Papasi, uso, kifua na tumbo havikuleta badiliko la maana. Walipogusa paja la mguu wa nyuma, upande wa nje, kwa kurudiarudia kwa saa chache, nzige aliyekuwa akikwepa wenzake alianza kuwaendea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Ipo pia njia ya pili: kuwaona wenzake na kupata harufu yao kwa wakati mmoja, hata bila kuguswa. Kuona peke yake hakutoshi, na harufu peke yake vivyo hivyo.

Paja ni mahali palipochaguliwa vizuri na maumbile. Nzige anayekula peke yake hujigusa kwa miguu ya mbele, huguswa na majani usoni na tumboni, lakini upande wa nje wa paja la nyuma huguswa hasa na mwili mwingine unaopita kando yake. Ni kipimo cha msongamano ambacho hakidanganyiki kirahisi.

Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Oxford, Cambridge na Sydney lilionyesha kinachotokea ndani. Paja likiguswa mara kwa mara, au nzige akiona na kunusa wenzake, kiwango cha serotonini hupanda katika mafundo ya neva ya kifua. Watafiti walipoizuia serotonini kufanya kazi, nzige waliosongamanishwa hawakubadilika. Walipowapa serotonini nzige wasioguswa na yeyote, walianza kutenda kama wa kundi. Ni kemikali ileile iliyomo katika ubongo wa binadamu, inayohusika na hali ya moyo, usingizi na hamu ya chakula.

Yote hayo huchukua saa chache. Baada ya saa mbili hadi nne za msongamano tabia imekwisha kugeuka, na bado nzige yule ni wa kijani, paja lake ni refu, kichwa chake ni chembamba. Mkaguzi wa nzige akimwokota wakati huo na kumtazama rangi, ataandika kwenye fomu yake "mpweke". Ameandika alichokiona, na hata hivyo amekosea.

Kwa nini umbo hukawia

Mdudu amevaa mifupa yake nje. Gamba likishakauka haliwezi kurefuka wala kupanuka, na rangi nyingi zimo ndani yake. Kwa hiyo mwili unaotaka kubadilika lazima ungoje kujivua gamba. Tunutu aliyesongamana leo atatoa madoa meusi gamba linalofuata, zaidi katika lile la baada yake, na uwiano wa paja na kichwa utasogea kidogokidogo. Aliyekwisha kuwa mtu mzima hatabadilisha urefu wa paja maisha yake yote, ingawa tabia yake inaweza kugeuka jioni moja.

Homoni iitwayo korazonini inatusaidia kuona kwamba hizi ni njia mbili tofauti. Ikidungwa kwa tunutu wa kijani, madoa meusi hutokea, na hata vipimo vya mwili husogea kuelekea vya kundi. Lakini tabia yake haigeuki: anapata mavazi ya kundi na kubaki mpweke. Serotonini nayo hugeuza tabia kabla ya mavazi. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki. Hakuna swichi moja inayobadili nzige mzima. Kuna mifumo kadhaa, kila mmoja na mwendo wake, inayoamshwa na hali moja ya msongamano, na kwa kawaida huonekana kama kitu kimoja kwa sababu sisi hufika mwisho wa mchakato.

Jenomu ya nzige wa jangwani, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo katika seli zake, ilichapishwa mwaka 2020. Ina herufi takriban bilioni 8.8, zaidi ya mara mbili ya jenomu ya binadamu. Ndani yake hakuna sura ya mpweke na sura nyingine ya wa kundi inayomilikiwa na baadhi yao tu. Kila nzige anabeba uwezo wa miili yote miwili. Kinachotofautiana ni jeni zipi zinafanya kazi, wapi mwilini, na kwa kiasi gani.

Wanyama wengine nao hutoa miili tofauti kutoka jeni zilezile. Buu la nyuki linalolishwa maziwa ya nyuki kwa wingi na kwa muda wote huwa malkia, na dada yake mwenye jeni za namna hiyohiyo huwa kibarua. Kiroboto-maji akinusa adui majini huota miiba na kofia ngumu. Kwa kasa wengi, joto la mchanga ndilo linaloamua yai litoke dume au jike. Lakini nyuki akishakuwa malkia hawezi kurudi kuwa kibarua, na kasa vivyo hivyo. Nzige anaweza kugeuzwa akiwa mtoto na akiwa mzima, na anaweza kurudishwa. Hilo ndilo linalomfanya awe mgumu kudhibitiwa na mwenye thamani kubwa kwa sayansi.

Urithi wa mama

Kama kila kizazi kingelazimika kuanza upya, kijani kwanza na madoa baadaye, makundi makubwa yasingewezekana kwa kasi tuliyoiona. Hapa mama anaingia. Jike aliyesongamana, hasa karibu na wakati wa kutaga, hutoa watoto walio tofauti tangu siku ya kuanguliwa: weusi, wakubwa zaidi, wenye kuvumilia njaa kwa muda mrefu zaidi, na wenye kuvutwa na wenzao kabla hawajapata uzoefu wowote wa maisha. Jike mpweke hutaga mayai mengi zaidi katika kifuko kimoja, mara nyingi kati ya 90 na 160, na wa kundi hutaga chini ya 80. Hapo pana biashara ya wazi: watoto wachache wenye akiba kubwa, au wengi wenye akiba ndogo.

Ujumbe unapitaje kutoka kwa mama? Wapo watafiti waliopata ushahidi kwamba kemikali fulani iko kwenye povu ambalo jike hufunikia mayai yake ardhini, na kwamba mayai yakioshwa mapema, watoto hutoka na tabia ya upweke. Wengine, hasa kutoka Japani, walirudia majaribio na kusema uamuzi hufanyika ndani ya mwili wa mama, yai linapopewa ukubwa wake, na povu halihusiki. Mabishano hayo hayajafungwa. Kinachokubalika na pande zote ni kwamba msongamano wa mama unaonekana katika mwili wa mtoto, na kwamba jeni zenyewe hazijabadilika hata herufi moja.

Sasa vizazi vitatu vya Rub' al Khali vinasomeka upya. Hakuna mkaguzi aliyekuwa ndani ya jangwa lile kuandika yaliyotokea, kwa hiyo hapa ninasoma kutokana na tunachokijua kuhusu mdudu mwenyewe. Kizazi cha kwanza baada ya Mekunu kilikuta kijani kipana, na bila shaka wengi wao walibaki wapweke wa kijani. Walipoongezeka na mimea ikaanza kubaki mabaka, mapaja yaligusana na tabia ikageuka. Kwa kawaida kijani kikiisha hapo, wengi hufa na kisa kinakwisha. Luban ilikuja Oktoba na kuwapa mama waliokwisha kusongamana mchanga wenye unyevu wa kutagia. Watoto wao hawakuhitaji kuguswa mapaja ili waanze, kwani walizaliwa wakiwa wamekwisha kuelekezwa. Mvua ile ya pili ndiyo iliyoamua kisa, zaidi ya ile ya kwanza.

Mapema 2019 makundi ya kwanza yalitoka jangwani kuelekea Yemen, Saudi Arabia na kusini-magharibi mwa Iran. Yemen ilikuwa vitani na udhibiti ulikuwa mgumu. Katikati ya mwaka huo nzige walivuka hadi Ethiopia na Somalia, Desemba kimbunga Pawan kikalowesha kaskazini mwa Somalia, na mwishoni mwa mwezi huo makundi yakaingia Kenya. Februari 2020 yalionekana Uganda na Tanzania pia. Kwa Kenya ulikuwa uvamizi mbaya kuliko wowote katika miaka 70. Kilomita moja ya mraba ya kundi inaweza kubeba nzige milioni 40 hadi 80, na kwa siku wakala chakula kinachoweza kulisha watu 35,000. Nyuma ya takwimu hiyo kuna watu waliolala na mtama shambani na kuamkia mabua.

Faida ya mwili wa pili

Mwili huu mpya unamsaidia nini nzige mwenyewe? Kwa mpweke, kijani na utulivu ni kinga. Wakiwa maelfu kwenye mchanga mtupu, kujificha hakuwezekani tena, na rangi ya njano na nyeusi hufanya kazi nyingine: humwonya mlaji. Nzige wa kundi hukubali kula mimea yenye sumu ambayo mpweke huikataa, na tumbo likijaa sumu, ndege na mijusi hujifunza kuiepuka rangi ile. Chakula, rangi na tabia vimefungamana. Rangi ya onyo bila sumu ni bure, na sumu bila rangi humsaidia mdudu baada ya kung'atwa tu.

Maandamano yao nayo yana sababu ngumu kidogo kuisikia. Tunutu wa kundi hulana. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba tunutu aliyekatwa neva inayopeleka hisia kutoka tumboni, asiyeweza kuhisi kung'atwa na aliye nyuma, hutembea kidogo zaidi na huliwa zaidi. Wanaotembea mbele wanamkimbia wa nyuma, na wa nyuma anafuata protini na chumvi iliyo mbele yake. Mwelekeo wa pamoja pia unategemea msongamano. Katika majaribio ya mwaka 2006 kwenye uwanja wa duara, tunutu wachache walizunguka ovyo, na walipofika takriban 74 kwa mita ya mraba wote walifuata upande mmoja.

Kinachofuata kwa wanaokagua

Picha za setilaiti zinaonyesha kijani kinapotokea jangwani, na hilo ni msaada mkubwa. Haziwezi kuonyesha nzige mmoja mmoja wa kijani kwenye kichaka. Ningependa zitumike kwa swali la pili pia: kijani kinapungua wapi kwa mabaka? Hapo ndipo mkaguzi apelekwe kwanza, hata kama idadi ya nzige ni ndogo na rangi yao ni ya upweke. Akifika, atazame mwendo kabla ya rangi. Je, akimkaribia mmoja, wengine wanaruka pamoja? Je, tunutu wawili waliokutana kwenye tawi wanaachana au wanabaki? Maswali hayo hayahitaji maabara. Dawa inayopulizwa kwenye kichaka kimoja chenye tunutu ni kidogo mno kuliko ile inayotakiwa kwa kilomita za mraba 2,400, na kuvu wa Metarhizium acridum, aliyetumika Somalia wakati wa uvamizi ule, huua polepole, hivyo anafaa zaidi kwa tunutu ambao bado hawana mbawa.

Baada ya kupuliza dawa, waliobaki hawarudi upweke kwa siku moja. Aliyesongamana kwa saa chache tu husahau haraka akitengwa. Aliyezaliwa na mama wa kundi na kukulia kundini hushikilia tabia yake muda mrefu zaidi, na mwili wa wazao wake hurudi kwenye umbo la upweke kwa hatua, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo eneo lililotangazwa kuwa safi kwa sababu makundi hayaonekani tena linahitaji kurudiwa mvua inayofuata, kwa maana wachache waliosalia humo wanaweza kuwa karibu na kugeuka kuliko nzige wa jangwa ambalo halijawahi kuona kundi.